MLIMA ULISOGEA



Bwana wetu aliwaambia wafuasi wake ya kwamba mwenye imani iliyo ndogo kama mbegu ya haradali aweza kuuamuru mlima uondoke, nao utamtii. Neno hilo tumelisikia tangu utotoni. Na wengi wetu, tukisema kweli, tumeliweka mahali pamoja na maneno mengine mazuri ambayo hatutazamii kuyaona yakitimia. Nani amepata kuona mlima ukisogea? Leo nataka kuwaeleza habari za watu walioona. Mlima huo hawakuuona siku moja wala mwaka mmoja. Waliusukuma kwa zaidi ya miaka mia, baba akimpokeza mwana, mpaka ukatoka njiani.

Watu hao ni Wanisga'a, wenyeji wa bonde la mto Nass, upande wa kaskazini-magharibi wa British Columbia katika nchi ya Kanada. Wao wenyewe huuita mto wao Lisims. Yasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1919 wakubwa wao walikutana kuzungumza juu ya nchi yao iliyochukuliwa, wakakata tamaa, wakasema kwamba jambo hilo ni mlima usiosogea. Ndipo chifu mmoja, Arthur Calder, alipomwinua mtoto wake wa kupanga, aliyekuwa na umri wa miaka minne hivi, akamsimamisha juu ya meza mbele ya wote. Akawaambia ya kwamba mtoto huyu atapelekwa shule, atajifunza maneno na sheria za wazungu, naye ndiye atakayeusogeza mlima. Mtoto yule aliitwa Frank. Tutarudi kwake.

Kwanza yatupasa kujua ni watu gani hawa. Tangu kale wameishi kwa mto na kwa misitu. Mwishoni mwa majira ya baridi, akiba ya chakula ilipokuwa imekwisha, samaki wadogo wenye mafuta mengi walipanda mtoni kwa maelfu na maelfu. Samaki hao waliitwa samaki mwokozi, kwa maana waliwaokoa watu na njaa. Baadaye walikuja samoni. Kabila lao limegawanyika katika koo nne, ukoo wa Mbwa-mwitu, wa Kunguru, wa Tai na wa Nyangumi Muuaji, na mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Wana sheria zao za kale ziitwazo Ayuukhl Nisga'a, na wana neno moja wanalolipenda kuliko mengine: bakuli moja. Maana yake, mali ya bonde ni chakula katika bakuli moja, na asiwepo mtu atakayekaa na njaa wakati bakuli lingali na kitu.

Wazee wao pia husimulia habari ya kuogofya. Karne tatu hivi zilizopita, vijana fulani waliwatesa samoni mtoni kwa mchezo, wakiwachoma migongo, ingawa wazee waliwaonya. Kisha mlima ulipasuka, mto wa moto ukafunika vijiji, na kwa masimulizi yao watu kama 2,000 wakafa. Uwanda ule wa mawe meusi ungaliko hata leo. Wataalamu wa miamba wanathibitisha kwamba volkeno ililipuka huko. Wazee wanaongeza lile ambalo mwamba hauwezi kulisema, ya kwamba asiyeheshimu kiumbe cha Mungu ajiletea maangamizi. Sisi tusomao kitabu cha Mwanzo hatuna sababu ya kuwacheka.

Basi, nchi yao ilipoteaje? Haikuchukuliwa kwa vita, wala haikuuzwa. Mwaka 1763 Mfalme George III wa Uingereza alitoa tangazo kwamba ardhi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini isichukuliwe bila mapatano nao. Lakini wakuu wa British Columbia, isipokuwa sehemu chache, hawakujali kufanya mapatano. Waliweka wapima ardhi, wakawakatia wenyeji vipande vidogo vya kukaa, na iliyosalia wakaihesabu kuwa mali ya serikali. Mwaka 1887 machifu wa Wanisga'a pamoja na jirani zao Watsimshian walifunga safari ndefu ya baharini mpaka Victoria, mji mkuu wa jimbo, kuomba mambo mawili tu: mkataba wa ardhi na haki ya kujiongoza wenyewe. Waziri mkuu wa jimbo aliwakatalia. Wakarudi kwao mikono mitupu.

Hayo hayakutosha. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1884 serikali ya Kanada ilipiga marufuku karamu zao kubwa za ukoo, ambamo majina ya urithi hutangazwa na mali hugawiwa. Mwaka 1913 Kamati ya Ardhi ya Wanisga'a ilipeleka ombi lake kwa Baraza la Mfalme huko London. Halikujibiwa kwa haki. Kisha mwaka 1927 Bunge la Kanada lilitunga sheria iliyokataza kukusanya fedha kwa ajili ya kudai ardhi ya wenyeji bila ruhusa ya serikali. Fikirini maana yake. Mtu ananyang'anywa shamba, halafu anaambiwa kwamba kumlipa wakili wa kumtetea ni kosa la jinai. Sheria hizo zilidumu mpaka mwaka 1951.

Hapa, ndugu zangu, siwezi kupita upesi, kwa maana jambo linalofuata latuhusu sisi tuliobatizwa. Serikali ya Kanada iliona kwamba njia ya kulimaliza kabila ni kuwachukua watoto wake. Watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa nchi ile walipitia shule za bweni, mbali na mama zao. Humo waliadhibiwa kwa kusema lugha yao, wengi waliteswa, na maelfu walikufa. Watoto wa Wanisga'a nao walipelekwa. Na waliosimamia shule hizo kwa niaba ya serikali walikuwa makanisa.

Wanisga'a walio wengi waliipokea Injili kwa mikono ya Waanglikana, wala si ya mapadre wetu. Tusijifiche nyuma ya neno hilo. Katika Kanada nzima, zaidi ya nusu ya shule za namna hii ziliendeshwa na mashirika na majimbo ya Kikatoliki. Mwezi Julai mwaka 2022 Papa Fransisko, naye mzee na mgonjwa wa magoti, alikwenda mpaka Maskwacis katika Alberta, akakaa katikati ya wenyeji, akaomba msamaha kwa mabaya yaliyotendwa na Wakristo wengi. Tarehe 30 Machi mwaka uliofuata Vatikano ilitangaza kwamba inalikana lile fundisho ambalo kwalo wageni walijihalalishia ardhi ya watu kwa kusema kwamba wameivumbua. Wapo waliosema kwamba Papa alijidhalilisha. Mimi nasema alifanya lile tunalowafundisha watoto wa Komunio ya kwanza: ukikosa, ungama. Na maungamo hayakamiliki bila malipizi. Aliyeiba hana budi kurudisha.

Wala tusisahau kwamba mema na mabaya yalikaa katika moyo wa mtu mmoja. Misionari James McCullagh, Mwanglikana aliyefika Aiyansh mwaka 1883, alijifunza lugha ya Wanisga'a na kuichapa kwa mtambo wake mdogo. Mtu huyo huyo alizipiga vita karamu zao na nguzo zao za kuchongwa. Alilipenda kabila lakini hakuliamini. Je, kosa hilo halijatufikia sisi mapadre na walimu? Mara ngapi tumewapenda waamini wetu kama watoto wasioweza kukua?

Turudi kwa mtoto wa mezani. Frank Calder alisoma, akahitimu katika chuo cha teolojia cha Waanglikana kule Vancouver, na mwaka 1949 akachaguliwa katika Bunge la British Columbia. Alikuwa mwenyeji wa kwanza aliyeandikishwa chini ya Sheria ya Wahindi kuingia katika bunge lo lote la Kanada. Mwaka 1955 Baraza la Kabila la Wanisga'a lilianzishwa, naye akawa rais wake. Mwaka 1967 walifungua kesi, wakili wao akiwa Thomas Berger, wakitaka mahakama itamke kwamba haki yao juu ya bonde lao haijafutwa kamwe. Walishindwa katika mahakama ya kwanza. Wakashindwa katika rufani. Tarehe 31 Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa hukumu, na huko pia walishindwa.

Lakini angalieni namna ya kushindwa kwao. Mahakimu sita kati ya saba walikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi kisheria kabla ya wageni kufika. Watatu walisema haki hiyo ingaliko, watatu walisema imefutwa, na wa saba aliikataa kesi kwa sababu ya utaratibu, kwa kuwa serikali haikuombwa ruhusa ya kushtakiwa. Kwa hesabu ya karatasi Wanisga'a walianguka. Kwa kweli mlima ulikuwa umetikisika. Mwaka ule ule serikali ya Kanada ilibadili siasa yake na kukubali kuzungumza na wenyeji juu ya madai ya ardhi. Mazungumzo na Wanisga'a yalianza mwaka 1976, na serikali ya jimbo ilikubali kukaa mezani mwaka 1990 tu.

Hesabuni miaka hiyo. Wengi walioanza mazungumzo hawakuyaona mwisho wake. James Gosnell, aliyewaongoza kwa muda mrefu, alifariki mwaka 1988. Ndugu yake Joseph Gosnell, mvuvi kwa kazi yake, ndiye aliyesimama katika Bunge la Victoria mwezi Desemba mwaka 1998 akawakumbusha wabunge safari ile ya mwaka 1887, akisema kwamba mlango uliofungwa mbele ya babu zake sasa umefunguliwa. Mkataba ulianza kutumika tarehe 11 Mei 2000. Frank Calder aliiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2006, mwenye umri wa miaka 91.

Walipata nini? Walipata kumiliki wenyewe ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 2,000, sehemu yao ya samoni, malipo ya fedha, na zaidi ya yote serikali yao wenyewe, yenye haki ya kutunga sheria juu ya ardhi, lugha, utamaduni na mambo mengine mengi. Ile Sheria ya Wahindi, iliyowafanya watu wazima kuwa kama wakiwa mikononi mwa msimamizi, haiwatawali tena, isipokuwa katika jambo la kuandikishwa tu. Wangali raia wa Kanada, na sheria ya jinai ni ya Kanada.

Nao walitoa nini? Hapa ndipo wengi hunyamaza, nami sitanyamaza. Ardhi waliyopata haifiki hata sehemu moja ya kumi ya nchi waliyoidai. Wakakubali pia kuacha msamaha wa kodi waliokuwa nao chini ya sheria ya zamani. Kodi ya manunuzi walianza kuilipa baada ya miaka 8, na kodi ya mapato baada ya miaka 12, yaani tangu mwaka 2013. Wengine miongoni mwao walikasirika wakasema, tumeuza urithi wa babu zetu. Kundi moja lilikwenda mahakamani kuupinga mkataba, na kesi ilikwisha mwaka 2013 mkataba ukisimama. Siwalaumu waliopinga. Mtu aliyenyang'anywa kitu kizima ana haki ya kuuliza kwa nini arudishiwe kipande. Lakini walio wengi walipiga kura ya kukubali. Waliona kwamba kipande ambacho mtu anakilima mwenyewe kina faida kuliko shamba kubwa lililo katika ndoto, na kwamba asiyetoa kitu kwa ajili ya serikali yake hawezi kuiita yake.

Je, wamestawi? Shule za bonde zilikuwa na wilaya yao ya elimu tangu mwaka 1975, na watoto hufundishwa humo lugha ile ambayo babu zao walichapwa kwa kuisema. Tangu mwaka 1993 wana chuo chao cha elimu ya juu, kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha kaskazini mwa jimbo. Wanasimamia wenyewe huduma za afya. Katika kijiji cha Gitwinksihlkw, ambapo mpaka mwaka 1995 watu walivuka mto kwa daraja la kuning'inia la waendao kwa miguu, leo magari hupita. Wanisga'a wanaokaa mijini, Vancouver, Terrace na Prince Rupert, nao wana wawakilishi wao katika serikali, asije mtu akakatwa na shina kwa kuwa alikwenda kutafuta kazi.

Mwaka 2011 walifungua katika kijiji cha Laxgalts'ap jumba la kuhifadhi vitu vya kale, zaidi ya 300, vilivyorudishwa kutoka majumba ya makumbusho ya Kanada. Na mwaka 2023 ilirudi nyumbani nguzo ya ukumbusho yenye urefu wa mita 11, iliyochukuliwa mwaka 1929 bila idhini ya wenyewe na kupelekwa Edinburgh katika Scotland. Wasomaji wengine watasema: yote haya kwa gogo la mti? Ndugu, ulizeni kwanza ninyi mnaweka nini juu ya kaburi la mama yenu. Nguzo ile ilichongwa kwa ajili ya marehemu.

Lakini nisiwapambie. Kazi ni chache bondeni, na vijana wengi huondoka. Fedha nyingi za serikali yao zingali zikitoka katika hazina ya Kanada kwa mapatano. Mpango mkubwa wa gesi walioingia pamoja na makampuni, uliopata kibali cha serikali mwaka 2025, umewagombanisha na baadhi ya jirani zao wanaohofia mito na samaki. Mtu akijitawala, huanza kuhukumiwa kwa matendo yake mwenyewe. Zamani kosa lilikuwa la wakala wa serikali. Sasa ni lao. Hiyo nayo ni sehemu ya heshima ya mtu mzima.

Basi tujifunze nini?

La kwanza ni fundisho la Kanisa lenyewe. Papa Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1931, alifundisha kwamba ni kosa la haki mkubwa kumpokonya mdogo kazi anayoiweza. Yohane XXIII naye mwaka 1963 alitetea haki za makabila madogo yaliyomo ndani ya mataifa makubwa. Nehemia alipojenga upya kuta za Yerusalemu hakuleta mkandarasi mmoja kutoka Babeli. Aliwagawia watu kazi, na wengi walijenga sehemu iliyokabili mlango wa nyumba yao. Ukuta ulikwisha kwa siku 52, kwa maana hakuna mtu aachaye tundu mbele ya mlango wake. Kila aliye na madaraka, awe padre, mwalimu au mwenyekiti wa ushirika, na ajiulize leo: ni kazi gani ninayoishika kwa sababu tu sitaki kuamini kwamba wengine wanaiweza?

La pili, kujitawala kuna gharama. Yeye atakaye kujiongoza bila kulipa mchango, bila kuhudhuria mkutano, bila kukubali kusemwa, hataki kujitawala; ataka bwana mwingine, mpole zaidi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee wetu.

La tatu, uvumilivu si usingizi. Mababu wale waliokatazwa kukusanya senti kwa ajili ya haki yao hawakuchukua silaha, wala hawakunyamaza. Walipoona hawawezi, walimweka mtoto mezani. Ninyi wazazi mnaolalamika kwamba mambo ya kijiji yameharibika na hayatengenezeki, mmemweka nani mezani? Mmemwambia mtoto gani kwamba kazi hii inamngoja? Au mmempeleka shule ili akimbie tu?

Na la mwisho, bakuli ni moja. Serikali yo yote, ya kwetu au ya wageni, ikila peke yake wakati maskini wanatazama, imepoteza haki ya kuitwa yetu. Sisi tunaokaribia meza moja ya Bwana kila Dominika twapaswa kulijua neno hili kabla ya watu wote.

Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu wa mto Nass na watu wa mito yetu, atupe imani ya mbegu ya haradali. Huenda mlima wetu hautasogea sisi tukiona. Tuweke mabega hata hivyo, na tuwaonyeshe watoto mahali pa kushika.